Semina ya Wiki Mbili

Daktari Harithi alipoamua kutukimbia, alitumia neno ambalo sisi watu wa Malolo tunaliheshimu kuliko maneno yote ya serikali. Alisema anakwenda semina. Semina ya wiki mbili, Dar es Salaam. Hakuna aliyeuliza ni semina ya nini. Kwetu mtu akienda semina anarudi na kalamu, na begi la kitambaa lenye maandishi, na mashavu yamejaa kidogo. Hayo yanatutosha.

Ukweli ni kwamba alikuwa amepata nafasi ya kusomea ubingwa wa upasuaji, miaka minne. Barua ilisema aripoti Jumatatu. Asiporipoti, nafasi anapewa anayefuata kwenye orodha, na yeye ana miaka arobaini na moja, orodha nyingine haitamngoja. Mwaka juzi aliwahi kuipata nafasi kama hiyo akafanya kosa la kutuambia. Tulimpelekea kuku. Wazee kumi na wawili walikwenda nyumbani kwake, kila mmoja na kuku wake kamfunga miguu, wakakaa barazani. Hawakumwambia usiende. Walikaa tu, kuku wanalia, mpaka saa kumi jioni, na Daktari akaingia ndani akaandika barua ya kuahirisha. Kisa hicho alipenda kukisimulia mwenyewe. Akifika mwisho anajigonga kifua, anasema, "Wenzangu walizuiwa na vita, wengine na njaa. Mimi nimezuiwa na kuku."

Kwa hiyo safari hii akasema semina. Waliojua ni mkewe, Mwalimu Sofia, anayefundisha darasa la nne, na binti yao Raudha wa kidato cha pili. Raudha kawaida haongei sana. Alipoambiwa asimwambie mtu, aliona njia salama ni kutoongea kabisa, hata salamu akawa anaitikia kwa kichwa. Na ofisini wilayani walijua, maana ndio waliompa ruhusa ya masomo. Walisema daktari mwingine wa kupasua ataletwa kwenye kituo chetu cha afya mwezi ujao. Mwezi ujao wa ofisini tunaujua, una siku nyingi kuliko miezi mingine.

Kitu alichosahau, na alikaa na sisi miaka tisa, ni kwamba hapa hakuna mtu anayesafiri peke yake. Ukisema unakwenda Dar, umeshakuwa gari la mizigo. Kuanzia Jumatano watu walianza kuingia. Hajra muuza vitumbua alileta korosho za kukaanga za kaka yake wa Mbagala. Mzee Ausi, mwenyekiti wetu wa kitongoji, alileta ufuta kwenye dumu. Wengine walileta unga wa mtama, wengine vipande vya mti wa mkarambati vya dawa, kila mzigo na namba ya simu kwenye kipande cha karatasi ya daftari. Halafu vya kuja navyo: miwani ya kusomea, kipuri cha cherehani, kitambaa cha sare. Daktari alipokea vyote. Angekataaje? Mtu wa semina anarudi.

"Wewe unaondoka na basi," Sofia alimwambia Ijumaa, mizigo imefika hadi mlango wa chumbani. "Mimi ndiye ninayebaki na semina yako. Wiki ya tatu niwaambie nini? Semina imenoga?"

"Waambie nimefeli, narudia."

Sofia hakucheka. Daktari akakaa juu ya gunia la mtama la mtu, akasema anajijua, yeye ni mwoga, amepasua matumbo ya watu mia tatu lakini hawezi kusema neno kwaheri. Sofia akamwambia basi huo ndio ubingwa akasomee.

Jumamosi mchana barazani kulikuwa na watu watano, na Bibi Josephina. Bibi Josephina hatumhesabu na watu wengine kwa sababu ni mtani wa Daktari. Yeye Mmakua, Daktari Mmwera wa Ruponda, na tangu siku ya kwanza bibi huyu amemwita mgonjwa aliyevaa koti jeupe. Mtani wako anaweza kukutukana, anaweza kula chakula chako, anaweza kuchukua kitu chako mpaka ukikomboe, na wewe ukinuna ndiye mwenye kosa. Siku hiyo alileta ming'oko, ile mizizi ya porini, ya mwanawe wa Temeke, ameifunga kwenye kiroba, na alikuwa anamwelekeza Daktari asije akaila njiani, maana Wamwera mkono wao ni mwepesi.

Nyuma yake alikuja mkwewe, Jenifa, tumbo limetangulia. Jenifa ameolewa na Jonasi, mtu mwema ambaye kazi yake kubwa duniani ni kukubali. Watoto wao wawili wote walitolewa kwa upasuaji, na aliyewatoa ni Daktari Harithi. Wa tatu naye ilikuwa lazima atolewe hivyohivyo. Wiki iliyopita Daktari alimwandikia rufaa ya Nachingwea, akamwambia ifikapo Jumatatu ahamie kwa shangazi yake huko, karibu na hospitali, asubiri siku yake. Jenifa alilia kidogo, akaipokea karatasi.

Sasa alimpa Sofia karatasi ileile, imekunjwa vizuri.

"Mwalimu, hii nimerudisha. Sina kazi nayo."

Sofia akauliza kwa nini. Jenifa akaeleza, na ilionekana amepiga hesabu mwenyewe na anaifurahia. Siku yake ni Jumatatu ya tarehe ishirini na tatu. Semina ni wiki mbili, Daktari anarudi Jumamosi ya tarehe ishirini na moja. Jumapili anapumzika. Jumatatu anampasua. Ya nini kwenda kupasuliwa na watu asiowajua Nachingwea, wakati mtu aliyeziona njia za tumbo lake mara mbili anarudi siku mbili kabla?

Sofia alimtazama mumewe. Ni mtazamo anaowapa watoto wa darasa la nne wanaosoma kwa kukariri huku kitabu wamekigeuza juu chini.

Daktari alikuwa ameshika kamba ya kufungia mizigo. Akajaribu kwanza kuuongezea uongo wake mwingine mdogo. Akasema Jenifa, rufaa ni rufaa, hapa kituoni dawa ya usingizi imeisha.

"Si unakwenda Dar? Utakuja nayo."

Akasema semina huenda ikachelewa.

"Nitakusubiri. Mtoto nitambana, Daktari, mimi ni wa kwako."

Watu barazani wakacheka. Bibi Josephina akasema mtoto wa Kimakua anabanika, angekuwa wa Kimwera angeshachungulia. Wakacheka tena. Daktari peke yake alikuwa hacheki, jasho linamtoka kama yeye ndiye aliyeshikwa na uchungu, maana katika watu wote pale ni yeye aliyejua kinachompata mwanamke mwenye makovu mawili akianza uchungu mbali na mtu wa kumpasua. Alishaliona mara moja. Hapendi kulisema.

"Jenifa," alisema, "mimi sirudi."

Akasema tena, kwa haraka, kama mtu anayebandua plasta: hakuna semina, ni shule, ni miaka minne, anaripoti Jumatatu, na baada ya hapo watakakompangia hakujui.

Jenifa akauliza, "Ulivyokuwa unaniandikia hii karatasi, ulijua?"

"Nilijua."

"Ukaniangalia machoni."

"Niliangalia karatasi."

"Sasa kwa nini hukusema tu?"

Daktari akafikiri, na jibu lililotoka ni la kweli ingawa halikumpa heshima yoyote. "Niliogopa mngeleta kuku."

Hapo sisi tulipaswa kuona haya, na wengine tuliona. Lakini tuna njia yetu ya kukasirika, ya adabu sana. Hajra alisimama wa kwanza. Akasema samahani Daktari, naona utakuwa na mizigo mingi, akachukua korosho zake. Mzee Ausi akasema ufuta nao ni mzito, asije akaumia mgongo mtu wa watu. Habari zikatoka nje, na wengine wenye mizigo wakaja, mmoja mmoja wakainama, wakafungua kamba, wakatoa chao. Mmoja aliifungua kamba yote, akaikunja vizuri, akamrudishia Daktari mkononi kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa zawadi. Ndani ya saa moja nyumba ilikuwa nyeupe. Begi la Daktari lilibaki limesimama katikati ya sebule peke yake, na lilionekana dogo mno.

Jenifa hakuwa na cha kuchukua. Aliiacha rufaa juu ya kiti.

"Nitazalia nyumbani kwangu," alisema. "Kama wewe umechoka na sisi, Mungu hajachoka."

Jioni Daktari alikwenda kwa Jonasi. Jenifa hakutoka ndani. Daktari akamweleza Jonasi hatari yote, mshono unaweza kuachia, mama anaweza kuondoka na mtoto kwa pamoja, na Jonasi akaitikia kila kitu, kweli Daktari, ndivyo Daktari, haitakiwi kabisa Daktari. Alipomwuliza basi atampeleka mkewe Nachingwea, Jonasi akasema mwenyewe Jenifa amekataa, na hilo nalo ni kweli. Kutoka ndani ikasikika sauti ya Jenifa ikimwambia mumewe amwulize mgeni kama amemaliza. Mgeni, ndivyo alivyosema. Miaka tisa.

Daktari akarudi nyumbani akamwambia Sofia hajawahi kuona mtu akifukuzwa na kijiji ambacho tayari anakikimbia, inaonekana ana kipaji. Sofia alikuwa anapiga pasi shati lake la safari. Akamwuliza kama bado anakwenda. Akasema anakwenda. Sofia akaendelea na pasi. Hakuna aliyemuuliza Raudha, lakini Raudha akasema kutoka kwenye kona yake, na lilikuwa neno lake la kwanza kwa siku tatu: "Na Jenifa?"

Sofia akaligeuza shati, akapiga pasi upande wa pili.

Basi la Dar linaondoka stendi ya Ruangwa saa moja asubuhi. Bodaboda ilifika mlangoni Jumapili kumepambazuka. Daktari alikuwa ameshamuaga Sofia ndani, anafunga viatu barazani, begi liko pembeni, ndipo gari aina ya Noah la kukodi likaingia uwanjani bila kupunguza mwendo. Akashuka Bibi Josephina na kitenge chake cha kanisani. Hakusalimia. Akalishika begi la Daktari, akalitupia garini.

"Mtani," Daktari akasema, "leo acha. Nina safari."

"Nimekuzuia? Nenda. Begi ndilo linakwenda Nachingwea."

"Vyeti vyangu vyote vimo humo."

"Ndiyo maana nimechukua begi, nikaacha kiatu."

Ndani ya gari, kiti cha nyuma, walikuwa wamekaa Jenifa na Jonasi. Jenifa alitazama upande mwingine, mkono mmoja umeshika kiti cha mbele. Daktari aliuona ule mkono. Aliona vidole vinavyokaza, vinalegea, baada ya muda vinakaza tena, na hakuhitaji kuambiwa. Bibi Josephina akamwambia pembeni, sasa bila utani, kwamba uchungu ulianza saa nane usiku, msichana akanyamaza kwa ujeuri, yeye aliugundua kwa kumsikia anasali. Amekubali kwenda Nachingwea kwa sharti moja, huyo aliyemdanganya awepo, ili likiharibika aone kwa macho yake.

Kijana wa bodaboda akapiga honi. Daktari akaitazama bodaboda. Akaitazama Noah. Alitaka sana wakati ule akasirike, ingekuwa rahisi, lakini huwezi kumkasirikia mtani mbele ya watu, na sisi majirani tulikuwa tumeshajipanga na miswaki mdomoni. Akakuna kichwa. Akaenda kukaa mbele kwa dereva, kiatu kimoja hakijafungwa.

Njiani Jenifa alisema naye mara moja tu. Daktari aligeuka akamuuliza maumivu yanakuja kila baada ya muda gani. Jenifa akajibu, "Niulize kwenye semina."

Hospitalini Nachingwea daktari wa zamu alikuwa mwanamke kijana, Daktari Lusiana. Alipokuwa mwanafunzi aliwahi kukaa Malolo miezi mitatu chini ya Harithi, na Harithi alimgombeza karibu kila siku juu ya vifundo vya nyuzi. Akamwamkia kwa heshima zote, shikamoo Daktari. Akampima Jenifa, akasema anaingia chumba cha upasuaji sasa hivi. Harithi akaanza kukunja mikono ya shati.

"Hapana, Daktari. Wewe si mtumishi wa hapa. Kaa na ndugu."

Alisema kwa upole, na mlango ukafungwa. Yule aliyetusumbua miaka tisa na habari za kunawa mikono akakaa kwenye benchi, katikati ya Bibi Josephina na mtu anayekula muhogo. Jonasi alikuwa amekwenda kununua maji. Bibi akampakatisha Daktari beseni, ndani yake kanga mbili, sabuni na nguo za mtoto.

Akaanza kuhesabu. Sasa wanamchoma sindano ya mgongo. Sasa wanapaka dawa. Sasa kisu. Kovu la pili litakuwa limeshikana, aende taratibu upande wa kushoto, upande wa kushoto. Kwa mkono wake dakika kumi mtoto ametoka. Zikapita kumi na tano. Ishirini. Na katika kuhesabu kule akagundua kitu ndani yake ambacho hangependa kukikuta kwa mgonjwa yeyote. Alikuwa anaomba Jenifa apone, hilo alikuwa anaomba kweli, lakini kipande kimoja kidogo cha moyo wake kilikuwa kimekaa macho kwenye mlango, kinasubiri ufunguliwe, mtu atoe kichwa aseme, Daktari Harithi, tumeshindwa, njoo.

Akasimama. Mlinzi akaja.

"Mzee, hapa hapasimamwi. Wewe ndiye baba wa mtoto?"

"Hapana. Mimi ni daktari."

Mlinzi akalitazama beseni, akazitazama kanga, akakitazama kile kiatu. "Haya, daktari. Kaa."

Akakaa. Bibi Josephina alikuwa amejifunika uso na kitenge, mabega yanacheka.

Mlango ukafunguliwa. Hakuna aliyeita Daktari Harithi. Nesi aliita ndugu wa Jenifa, leteni nguo za mtoto, haraka, na Daktari akanyanyuka na beseni lake, akakimbia nalo, sabuni ikamdondoka. Mtoto wa kike, kilo tatu na kitu. Mama mzima. Baadaye Lusiana akatoka amevua glavu, akamwambia mishono yake ya zamani ilikuwa safi sana, ila kovu la kushoto lilikuwa limeshikana kidogo, angelivuta taratibu zaidi mara ile ya pili. Harithi akasema kweli, ahsante. Lusiana akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kwenye benchi alikaa muda mrefu. Bibi Josephina akamwuliza analia nini, mtoto si mzima.

"Nimelia?"

"Macho yako yanafanya nini basi?"

Akapangusa. Akasema, "Mtani, mimi miaka yote nilidhani nikiondoka mtakufa."

"Wengine tutakufa," Bibi Josephina akasema. "Usijipunguzie hesabu hiyo." Akakikunja kitenge chake magotini. "Lakini huyu hakufa. Na basi lako limekwenda."

Daktari akasema kuna gari la jioni linapita Masasi, mtu akitoka hapa saa hii analiwahi, na Jumatatu asubuhi yuko Dar. Akasema hivyo kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya kitu asichokusudia kununua. Kisha akaomba begi lake.

Bibi Josephina akaliweka begi chini ya miguu yake. Kitu cha mtani hakirudi bure, anajua. Daktari akatia mkono mfukoni. Bibi akamwambia atoe mkono huo, yeye hataki hela ya mwanafunzi. Akatoa simu yake, ile yenye mpira wa baiskeli kuzuia betri, akampigia Mzee Ausi.

"Waage," akasema. "Kama mtu."

Sisi Jumapili ile tulikuwa kwa Mzee Ausi tangu asubuhi, watu kumi na kitu, hatusemi tunasubiri nini. Mwalimu Sofia alikuwa amepita kuuliza habari, akabaki amesimama na ndoo yake. Mzee Ausi akaweka simu kwenye sauti kubwa, juu ya kinu kilichogeuzwa. Tukasikia kwanza kwamba Jenifa amejifungua salama, tukamshukuru Mungu. Halafu tukasikia Daktari anakohoa.

Alisema anaondoka leo. Alisema alitudanganya kwa sababu alikuwa mwoga, na kwa uoga huo mtoto wa watu alikaribia kufa, na akaomba radhi. Hakufanya mzaha hata mmoja, mpaka tukawa tunautafuta. Alisema Sofia na Raudha watabaki na sisi mpaka shule zifungwe, tuwatunzie. Akasema mengine pia, mtoto wa Hajra asiache kuletwa kliniki, mtu fulani aache chumvi.

Mzee Ausi akaisogelea simu.

"Sasa Daktari," akasema, "mtu akizidiwa usiku, tukagonge kwa nani?"

Miaka tisa tulikuwa tunamwuliza huyu bwana maswali. Tumbo, presha, ndoa, kesi za mipaka, mvua. Hakuwahi kukosa jibu, hata pale ambapo angefanya vizuri kulikosa. Tukainamia kile kinu.

"Sijui, mzee," akasema Daktari.

Mzee Ausi akatutazama. Akasema kwa sauti kubwa kwamba mtandao wa leo mbaya, hatukumpata, arudie.

Mtandao ulikuwa mzuri kabisa. Daktari akarudia.